Kijana katoka kutibiwa moyo, sasa jicho moja linamuuma usiku saa ile ile: fanya hivi

Naandika kwa wenzangu wa Tanga na wa popote wenye kijana alofanyiwa moyo, awe kazibwa tundu, kabadilishwa valvu au kaunguziwa njia ya umeme wa moyo, halafu baada ya wiki au miezi anaanza kuamka usiku kashika jicho moja. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, tundu lake lilizibwa Dar kwa mrija uliopitishwa pajani, tukarudi zetu Ngamiani tunamshukuru Mungu. Mwezi wa pili tangu azibwe, saa saba usiku, nasikia mtu ukumbini anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, natoka namkuta kalibana jicho la kulia kwa kiganja, machozi yanamtoka jicho hilo tu, pua ya upande huo huo imeziba, ananiambia dada kuna kitu kinachomwa nyuma ya jicho. Baada ya kama saa moja kikaisha chote, akalala. Kesho yake saa saba, tena. Keshokutwa, tena.

Wiki tano tulihangaika mpaka tukapata jina la kitu chenyewe, klasta. Mie nataka wewe usihangaike wiki tano, ndo maana naandika kirefu.

Kwanza kabisa kuna kichwa ambacho hukai kukichunguza nyumbani, unatafuta bajaji saa hiyo hiyo unakwenda Bombo au hospitali kubwa ya karibu nawe. Kichwa kilichopiga ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja na hajawahi kuumwa hivyo maishani. Mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kuvurugika, kuona giza, kuzimia, degedege, shingo kukakamaa. Kichwa baada ya kuanguka au kugongwa kwa mtu anaetumia warfarini, ile dawa ya kufanya damu isigande, hata kama kidonda hukioni, maana damu inaweza kuvujia ndani. Na homa, jamani homa! Mtu mwenye valvu ya bandia au kizibo kipya moyoni akipata homa na kichwa pamoja usimpe mseto ukasubiri kesho, wadudu wakikaa kwenye moyo wanaweza kurusha vipande vya uchafu mpaka kwenye ubongo, kwa hiyo aende akapimwe damu, na ukifika pale sentensi ya kwanza iwe "huyu kafanyiwa moyo", isiwe ya mwisho. Jingine la kuangalia ni kope. Kope ikishuka na mboni ya jicho hilo ikawa ndogo kuliko ya pili, mara ya kwanza kuiona hiyo lazima aonwe na dokta, tena kama kope inabaki imeshuka hata maumivu yakiisha basi mishipa ya shingo na kichwa ipigwe picha. Mtu aliyelegea upande mmoja msimpakie bodaboda, ataanguka.

Kama hayo hayapo, sasa unaweza kutulia ukaangalia ni kichwa cha aina gani.

Huku kwetu kila kichwa cha upande mmoja tunakiita kipandauso, na kwa kweli vichwa viwili tofauti vinaingia kwenye jina hilo. Kipandauso chenyewe kinakaa saa nyingi, kuanzia saa 4 mpaka siku 3, mtu anatapika au anasikia kichefuchefu, mwanga na kelele vinamuumiza, anataka chumba cha giza alale asitikiswe. Wengine kabla hakijaanza wanaona vimulimuli au mistari ya zigizaga machoni. Hiki cha pili, ambacho madokta wanakiita klasta, ni kifupi na kikali mno, dakika 15 mpaka saa 3, kinakaa kwenye jicho au panda la uso upande ule ule mmoja, jicho linakuwa jekundu na kutoa machozi, pua inaziba au inachuruzika, uso unatoka jasho upande huo. Na mtu hawezi kulala wala kukaa. Anatembea, anajipigapiga, wengine wanagonga kichwa ukutani. Ukitaka kuvitenganisha usimuulize inauma kiasi gani, maana vyote vinauma, muangalie anafanya nini: wa kipandauso anajificha kimya, wa klasta hatulii. Kingine ni saa. Klasta inashika saa kama adhana, mara nyingi saa moja au mbili baada ya kusinzia, inaweza kuja siku moja ikaruka moja au ikaja hata mara 8 kwa siku, msimu wake unakwenda wiki 6 mpaka 12 halafu inapotea miezi mingi au hata miaka, halafu inarudi.

Swali ambalo kila mzazi analiuliza: ni ule utibabu wa moyo ndo umeleta? Nitajibu ninavyojua. Kinachojulikana vizuri ni kipandauso, baadhi ya watu wakizibwa tundu la kati ya vyumba vya juu vya moyo wanaanza kuumwa kipandauso siku au wiki za mwanzo hata kama hawakuwa nacho kabla, na kwa wengi kinapungua chenyewe miezi inavyokwenda mpaka mwaka. Kuna utafiti wa Canada wa mwaka 2015 uliowapa waliozibwa tundu aspirini pamoja na klopidogreli, zote za kuzuia damu kuganda, kwa miezi 3, wakawa na siku chache za kipandauso kuliko waliopewa aspirini peke yake. Klasta ni habari nyingine, yenyewe inaanzia kwenye ile sehemu ya ubongo inayoshika saa ya mwili pamoja na neva ya uso, huwa inaanza kati ya miaka 20 na 40, vijana wa chini ya hapo wapo ila wachache, na inaweza kabisa kumwanza mtu katika umri huo bila moyo wake kuhusika. Dawa ya moyo inayojulikana wazi kuiamsha kwa mtu aliye kwenye msimu ni nitroglisarini, ile ya kuweka chini ya ulimi. Kama kijana wako kapewa hiyo na kichwa kinafuata nyuma yake, mwambie dokta wa moyo. Lakini usiache mwenyewe dawa yoyote, na hasa usiache aspirini au klopidogreli kwa kudhani ndo zinaleta kichwa, kizibo kikiwa kipya damu inaweza kugandia pale juu na hilo ni baya kuliko kichwa.

Sasa kazi yako ya nyumbani. Nunua daftari la kawaida la shule, kila shambulio andika tarehe, saa limeanza, saa limeisha, jicho gani, pua, alikuwa anafanya nini, alikula au kunywa nini, dawa gani kameza. Saa ziandike vizuri, hapa tumepotezwa sisi: mie niliandika "saa 7" nikimaanisha saa saba usiku, dokta akasoma saa moja asubuhi akafikiri ni kichwa cha kuamkia. Andika "saa saba usiku" kwa maneno, au tumia saa ya simu, 01:00. Na wiki mbili za daftari zinatosha, usisubiri mwezi.

Halafu mrekodi video. Najua inauma kumrekodi mtu analia, mie nilishindwa siku ya kwanza, lakini fikiria, unamfikisha kliniki saa nne asubuhi kijana yuko mzima anacheka, jicho jeupe, presha nzuri, dokta atasema ni mawazo ya shule au usingizi mdogo, na sisi zahanati moja walituambia hivyo hivyo wakatupa panadoli na dawa ya mafua kwa sababu ya pua. Dakika moja ya video ya lile jicho na ile tembea yake ndo iliyotuokoa. Dokta wa mishipa ya fahamu aliiangalia mara mbili, akaomba daftari, akataja klasta kabla hajamgusa.

Tukija kwenye dawa, hapa ndo nataka usome polepole, maana hapa klasta ya kijana alofanyiwa moyo inatofautiana na klasta ya mtu mwingine yeyote. Dawa mbili zinazosifiwa sana kwa ugonjwa huu zote zinagusa moyo na mishipa. Sumatriptani, ambayo sindano yake ya chini ya ngozi inakata shambulio ndani ya dakika chache, inabana mishipa ya damu, kwa hiyo haitakiwi kwa mwenye ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyotulia. Mtu aliyezibwa tundu tu na mishipa yake safi huenda akaruhusiwa, lakini anaeruhusu ni dokta wa moyo, si mwenye duka la dawa. Vidonge vyake kwa klasta vinachelewa, mpaka vifanye kazi shambulio lishajiondokea.

Ya pili ni verapamili. Hii hamezi wakati wa maumivu, anameza kila siku ili mashambulio yasije, na kwa klasta dozi inapandishwa mpaka juu kuliko ya presha. Inapunguza kasi ya umeme wa moyo, ndo maana kabla ya kuanza apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na kila dozi ikipandishwa apimwe tena. Sasa vijana wengi wa moyo wapo kwenye propranolo, atenolo, bisoprolo au karvedilo, zote hizo nazo zinapunguza mapigo, ukizijumlisha na verapamili moyo unaweza kwenda taratibu mno au umeme ukakatika njiani mtu akaanguka. Na kama anatumia digoksini, verapamili inaifanya ijae mwilini kupita kiasi. Kwa hiyo daktari wa kichwa asiandike verapamili bila kuiona orodha nzima ya dawa za moyo, na wewe ndo wa kumpelekea orodha hiyo, usitegemee mafaili ya hospitali mbili yanaongea yenyewe. Mie nilichukua pakiti zote tupu nikazitia kwenye mfuko wa rambo nikazimwaga mezani kwa dokta. Nyumbani jifunze kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, yakiwa chini ya 50, au kijana anaona kizunguzungu akisimama, piga simu kabla ya dozi inayofuata. Choo kigumu na miguu kuvimba pia vinatokea. Halafu balungi! Sisi na Muheza yetu matunda yanashuka kwa magunia, balungi linazuia mwili kuivunja verapamili, dawa inazidi kwenye damu. Machungwa na machenza ale tu, balungi aliache mpaka amalize dawa.

Wengine wanapewa predinisoloni ya siku chache kutuliza wakati verapamili inajijenga. Inasaidia, ila mwenye warfarini akipewa hiyo apimwe mapema INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, maana inaweza kuyumba.

Oksijeni ndo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu haina hatari za moyo kama zile za sumatriptani na verapamili, na ni dawa kamili ya klasta inayokubalika duniani kote. Lakini itolewe inavyotakiwa: lita 12 mpaka 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko wa plastiki chini yake, dakika 15 mpaka 20, kijana kakaa kainama mbele kidogo, na aianze mapema maumivu yanapoingia, asingoje yakolee. Ile mipira midogo ya puani ya lita 2 au 3 haifanyi kitu. Na utakutana na hili: unafika usiku, nesi anamwekea kile kipimo cha kidoleni kinasoma 98, anakwambia oksijeni yake nzuri haihitaji. Ana haki kwa alichofundishwa, usigombane nae. Ndo maana kabla hamjaondoka kwa dokta mwombe aandike karatasi yenye jina la ugonjwa, lita, aina ya barakoa na dakika, kwamba oksijeni hii ni ya kukata kichwa hata kama kipimo cha kidole ni kizuri, apige muhuri. Itoe kopi, uipige lamineshini, moja ikae nyumbani, nyingine aitembeze kijana. Toka tupate karatasi hiyo hatujabishaniwa tena. Kama kijana bado ana shida ya mapafu, au moyo wake una hitilafu iliyobaki baada ya matibabu, dokta wa moyo ndo aseme kama kiwango hicho kinamfaa.

Ukifanikiwa kupata mtungi wa kukaa nao nyumbani piga hesabu, lita 15 kwa dakika 15 ni lita 225, mtungi wa lita 1,500 ni mashambulio 6 hivi, kwa mtu anaeumwa kila usiku hiyo haifiki wiki. Regyuleta yake iwe inafika lita 15. Mtungi ufungwe usimame usianguke, mbali na jiko la mkaa, na chumba hicho asivute mtu sigara wala msiwashe kibiriti wala chetezo. Mtungi wa fundi wa kuchomelea usiuguse hata ukikosa kabisa, kilichomo ndani na usafi wake havikuandaliwa kwa ajili ya mapafu ya mtu.

Dawa za dukani. Panadoli haikati klasta, inachofanya ni hivi: shambulio linaisha lenyewe ndani ya saa moja, wewe umempa panadoli dakika ya 20, basi unaona imefanya kazi. Kila tulichojaribu wiki zile tano kilionekana kinafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Panadoli walau haimdhuru akizingatia kipimo, ila mwenye warfarini akiimeza kila siku amwambie dokta, INR inaweza kupanda. Diklopa ndo naiogopa, tunaimeza kama karanga, ndani yake mna diklofenaki, ukiichanganya na warfarini, au na aspirini na klopidogreli, tumbo linaweza kuvuja damu. Ibuprofeni vivyo hivyo. Na soma nyuma ya pakiti za zile dawa za kichwa za mchanganyiko, nyingi zina aspirini ndani.

Na hili la wazee niliseme kwa heshima. Bibi yetu aliposikia mjukuu anaamshwa saa saba usiku kila siku alisema moja kwa moja hilo ni jini, na kwa kweli ukiwa hujui ugonjwa unaoshika saa hivyo utasema nini kingine? Sikumbishia. Nilimwambia bibi, kisomo tufanye, dua tufanye, ila kuumikwa hapana, mtoto anameza dawa za kufanya damu isigande, akichanjwa wembe damu haitasimama. Akaniuliza hata hijama ya kisasa yenye vikombe vya plastiki? Hata hiyo bibi, wembe ni ule ule. Akakubali. Ukimweleza mkubwa sababu ya kueleweka anakubali, ukimwambia mambo yenu ya kizamani ndo anampeleka mtoto kimya kimya Jumapili wewe haupo. Lililokuwa gumu kwake ni udi. Harufu kali, ya udi, ubani, marashi, rangi ya nyumba, petroli, inaweza kuamsha shambulio mtu akiwa kwenye msimu, na nyumba yetu bila udi Ijumaa si nyumba. Tukahamishia chetezo uani kwa miezi miwili.

Pombe kwa msimu wote aiache kabisa, kijana anaeonja mnazi na wenzake shambulio linaweza kumkuta kabla ya saa moja kwisha. Sigara aache hata msimu ukiisha, kwa moyo wake kwanza. Usingizi wa mchana nao unawaanzishia wengine, angalia kwenye daftari kama wako ni mmoja wao.

Shuleni au chuoni pelekeni barua ya dokta, maana akitoka katikati ya mtihani anatembea uwanjani kashika jicho wataona ni utovu wa adabu. Na muulize moyo wake, namaanisha ule usiopimwa kwa mashine. Mdogo wangu usiku mmoja aliniambia bora wangeliacha lile tundu. Watu wenye klasta wanafika mahali pa kutamani kufa wakati wa maumivu, na kijana alokwisha pita kwenye matibabu ya moyo kachoka tayari. Ukisikia neno la namna hiyo usimkemee kwa kukufuru, kaa nae usiku huo, ficha dawa zote za nyumbani, na mwambie dokta kesho yake kwa maneno yale yale aliyoyasema.

Mkiitwa Dar, iwe JKCI, ile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au kwa dokta wa mishipa ya fahamu, bebeni bahasha moja: ripoti ya siku ya matibabu, kile kikadi kinachosema kizibo au valvu ni ya aina gani (watu wa MRI, ile picha ya sumaku, watakiuliza kabla hawajamwingiza mtu kwenye mashine), ECG zote kwa mpangilio wa tarehe, INR kama anatumia warfarini, daftari, na video iwe kwenye simu mbili. Ombeni kila dokta amwandikie mwenzie. Sisi tunachukua basi la asubuhi pale stendi ya Kange ili saa saba usiku isitukute njiani, kijana anakaa kiti cha pembeni mwa njia apate pa kusimama, na ile karatasi ya oksijeni inakaa mfuko wa shati lake, begi likiwekwa kwenye buti hutalipata mpaka mfike.